Maswali ya Wasomaji: Milima ya Wino kutoka China

SWALI: Ndugu Mhariri, ninafundisha sanaa katika shule moja hapa Kigoma. Niliwaonyesha wanafunzi picha ya milima iliyochorwa nchini China kwa wino mweusi, nao wakauliza mbona sehemu kubwa imeachwa tupu na mbona haina rangi. Picha za namna hii hutazamwaje?
Msomaji, Mwanga, Kigoma

JIBU: Ndugu Mwalimu, hapo palipo patupu ndipo mchoraji alipoweka ukungu, maji au anga. Wanafunzi wako huliona jambo hilo kila kiangazi, utusitusi unapotanda juu ya Ziwa Tanganyika hata milima ya Kongo ikafifia, na hakuna anayedhani kwamba imeondoka.

Kuhusu rangi, wino huo ni masizi ya msonobari au ya mafuta yaliyochanganywa na gundi ya wanyama, yakakaushwa kuwa kipande kigumu ambacho husuguliwa kwa maji juu ya jiwe. Maji yakiwa machache, weusi hukolea. Yakizidi, hupatikana kijivu chepesi kinachofaa kwa milima ya mbali. Kwa maoni yangu, atakayeyafuatilia madaraja hayo ya weusi hataona upungufu wa rangi.

Anza na mchoro wa Fan Kuan wa takriban mwaka 1000, uliochorwa juu ya hariri yenye kimo cha zaidi ya mita 2 na kuhifadhiwa Taipei. Mlima umeijaza sehemu ya juu, maporomoko membamba yanashuka upande wa kulia, na ukungu umelitenga jabali na miti iliyo chini. Usiishie hapo, kwani chini kabisa upande wa kulia wamo wasafiri na wanyama wao wa mizigo, wadogo mno. Jirani yao, katikati ya majani, limo jina la mchoraji, ambalo liligunduliwa mwaka 1958.

Usitafute mahali pamoja pa kusimama. Guo Xi, mchoraji wa karne ya 11, alieleza aina tatu za umbali: kutazama kilele kutoka chini, kupenya macho nyuma ya mlima, na kutazama milima ya mbali kutoka mlima wa karibu.

Mchoro ukiwa wa kukunjwa kwa ulalo, wafunikie wanafunzi nakala yake kwa karatasi, kisha uifunue kidogo kidogo kuanzia kulia kwenda kushoto, kwa kuwa ndivyo wenyewe walivyoukunjua mikononi.