Jua filamu yako itaonyeshwa wapi kabla hujakodi kamera

Mdogo wangu mmoja wa Mwanza ameniandikia juzi. Filamu yake fupi imeonyeshwa ukumbini, mazungumzo hayasikiki, nusu ya watu wakatoka. Anauliza aache au aendelee. Namjibu hapa hadharani, maana wengi mnaonisoma mna ndoto hiyohiyo ya kuongoza filamu.

Itafute The Big Trail ya mwaka 1930, ya Raoul Walsh. Ni sinema ya kauboi: msafara wa walowezi unavuka Marekani kuelekea magharibi, familia nzima na mikokoteni yenye paa la turubai. Stelingi ni John Wayne, kijana wa miaka 23 ambaye hadi hapo alikuwa akibeba vifaa studio. Wenyeji wa nchi ile wamechorwa kwa mtindo mbaya wa enzi zile, na vichekesho vya El Brendel mimi huvirusha mbele. Lakini subiri msafara ufike kwenye genge. Njia imekatika. Mikokoteni inafungwa kamba na kuteremshwa mmoja mmoja, wanyama nao wananing'inia hewani. Hakuna kompyuta pale. Mikokoteni ni ya kweli na genge ni la kweli, na picha ni pana kiasi kwamba jicho linakosa pa kutulia.

Walsh aliipiga kwa utepe mpana wa milimita 70, na papo hapo kwa ule wa kawaida wa 35. Bado studio ikatengeneza matoleo ya Kijerumani, Kihispania, Kifaransa na Kiitalia. Basi ikaanguka! Uchumi ulikuwa umeporomoka tangu 1929, majumba ya sinema yalikuwa yametoka kununua mitambo ya sauti, nani angenunua tena mashine za utepe mpana? Wayne akasukumiwa filamu za bei poa hadi Stagecoach ya 1939 ilipomrudisha juu.

Nami yalinikuta. Nilikodi kamera kali, rangi nikazihangaikia usiku kucha. Ukumbi, siutaji, wenyewe wanajijua, ukaleta projekta hafifu na spika inayokoroma. Sini zangu za usiku zikawa giza tupu. Mwenyeji wetu akashika maiki: "Hawa vijana bado hawajui taa." Mpaka leo linaniuma. Mwezi uliopita filamu ileile, sijagusa hata fremu moja, imeonyeshwa kwenye skrini nzuri na watu wakasimama kupiga makofi. Natumaini habari zimemfikia.

Kwa hiyo nendeni ukumbini mapema. Jaribuni filamu kwenye mashine yao, siyo kwenye laptopu yenu. Muwe na nakala ya pili, ang'avu zaidi, mazungumzo yamepandishwa. Kisha nendeni tena ukumbini mapema! Vijana mnapenda kamera kuliko watazamaji. Mnajua lenzi zote kwa majina, lakini hamjui mtazamaji wenu atakaa wapi na atasikilizia nini. Mtu katoka kazini, kalipa nauli, halafu umpe giza na mkoromo? Mheshimuni.

Na wewe wa Mwanza, usiache. Pandisha sauti ya mazungumzo, tafuta hata kibanda umiza kinachokubali, uonyeshe tena. Wakikwambia spika ni juu yako, kodi spika.