Aingie, ila asirudi

Swali lenu la wiki hii lilikuwa: je, mtu aliyekuwa mwanasiasa anafaa kuwa jaji? Kwangu mimi anafaa, na namtetea kwa moyo wote, kwa sharti moja nitakalolitaja mbele. Kwanza nimzungumzie Constance Baker Motley wa Marekani, maana tukimjadili mwanasiasa-jaji bila kumtaja yeye tunajinyima ushahidi ulio bora.

Motley alizaliwa mwaka 1921 New Haven, jimbo la Connecticut, na wazazi waliohamia kutoka kisiwa cha Nevis huko Karibi. Baba yake alikuwa mpishi, na karo ya chuo haikuwepo. Tajiri mmoja wa mjini, Clarence Blakeslee, alimsikia binti huyo akizungumza kwenye mkutano wa watu wa mtaa, akajitolea kumsomesha. Akahitimu sheria Chuo Kikuu cha Columbia mwaka 1946, tayari akiwa anafanya kazi chini ya Thurgood Marshall, wakili mkuu wa NAACP, chama kinachotetea haki za Wamarekani weusi. (Ni Marshall huyo huyo aliyekwenda London mwaka 1960 kuwashauri wajumbe Waafrika wa Kenya kwenye mazungumzo ya Lancaster House.) Akiwa wakili, Motley alisimama mbele ya Mahakama ya Juu ya Marekani mara 10 na kushinda mara 9. Ndiye aliyeendesha kesi iliyomwingiza James Meredith, kijana mweusi, Chuo Kikuu cha Mississippi, kilichokuwa kikiwakataa weusi, mwaka 1962. Usiku wa kuamkia kuandikishwa kwa Meredith zilizuka ghasia, na watu wawili wakauawa.

Siasa aliishika kwa muda mfupi. Mwaka 1964 akawa mwanamke mweusi wa kwanza katika Seneti ya Jimbo la New York. Mwaka uliofuata akawa mkuu wa Manhattan, sehemu mojawapo ya jiji la New York, akiwa mwanamke wa kwanza kushika nafasi hiyo. Januari 1966 Rais Lyndon Johnson akamteua kuwa jaji wa mahakama ya shirikisho mjini New York. Hapo akakutana na Seneta James Eastland, mwenyekiti wa kamati inayowachuja majaji, ambaye kwao ni Mississippi ile ile. Eastland alimzungusha kwa miezi na kumsingizia ukomunisti. Hakuthibitishwa hadi tarehe 30 Agosti. Hakuna mwanamke mweusi aliyekuwa jaji wa shirikisho kabla yake.

Wanaohofia wanasiasa husema jaji wa aina hii ataketi na upande wake moyoni. Basi tazameni lililotokea mwaka 1975. Wanawake walikuwa wameishtaki kampuni kubwa ya mawakili, Sullivan & Cromwell, wakidai inawabagua katika ajira kwa sababu ya jinsia. Upande wa kampuni ukamwomba Motley ajiondoe: yeye ni mwanamke, tena alitumia miaka mingi kutetea waliobaguliwa. Motley hakuficha historia yake hata kidogo. Aliikubali kwa maandishi, kisha akasema kama jinsia, rangi au kazi ya zamani ya jaji inatosha kumwondoa, basi hakuna jaji hata mmoja wa mahakama ile angeweza kusikiliza kesi hiyo, kwa kuwa kila mmoja wao ana jinsia na wote walikuwa mawakili. Akabaki kitini. Ninaamini kabisa kwamba mwanamume mweupe aliyelelewa na makampuni kama hayo asingeombwa ajiondoe. Rekodi ya mwanasiasa ipo wazi, unaweza kuisoma na kumhoji nayo. Mapendeleo ya mtu ambaye hajawahi kugombea chochote yamefichika zaidi.

Mwaka 1978 aliamua pia kwamba waandishi wa kike wa michezo wasizuiwe kuingia vyumba vya kubadilishia nguo katika uwanja wa Yankees, timu ya besiboli ya New York, walikohojiana wanaume wenzao na wachezaji. Aliyetaka faragha angeweza kuwekewa pazia.

Sasa lile sharti. Mwingine anayetajwa sana ni Abner Mikva wa Illinois, mbunge aliyeteuliwa na Rais Carter mwaka 1979 katika mahakama ya rufaa ya Washington, huku chama cha wamiliki wa bunduki kikimpiga vita vikali. Alifanya kazi ya kuheshimika. Lakini mwaka 1994 aliacha ujaji akaenda kuwa mwanasheria wa Ikulu kwa Rais Clinton. Sisemi hukumu zake ziliuzwa. Nasema hatua hiyo inamwachia kila aliyeshindwa kesi mbele yake haki ya kuuliza kama jaji alikuwa akiwatazama waliokuwa na cheo cha kumpa. Katiba ya Marekani inampa jaji wa shirikisho kazi ya maisha na mshahara usiopunguzwa, makusudi asimhitaji mtu yeyote. Akianza kuhitaji tena, kinga yote hiyo ni ya bure.

Motley alibaki mahakamani hadi alipofariki mwaka 2005, miaka 39, akiwa pia jaji mkuu wa mahakama hiyo kati ya 1982 na 1986. Hakugombea tena wala kuomba uwaziri. Kwa hiyo ningependa kamati yoyote inayomhoji mwanasiasa anayetaka ujaji imuulize swali moja hadharani, na jibu liandikwe kwenye kumbukumbu: je, unaahidi kwamba hutarudi?