Kuhusu uthibitisho wa TCP unaocheleweshwa

Umeeleza kwamba programu yako, inayotuma kwa TCP (itifaki ya kusafirisha data mtandaoni) kichwa cha ujumbe kisha mwili wake, hukwama milisekunde 200 kila mara, na kwamba unakusudia kuiondoa kabisa saa ya kuchelewesha uthibitisho (taarifa ya mpokeaji kwamba data imefika) katika kerneli, yaani kiini cha mfumo endeshi. Usiiondoe. Mtumaji, kwa kufuata kanuni ya Nagle ya kupunguza vipande vidogo vidogo mtandaoni, hushikilia kipande cha pili, yaani mwili, hadi cha kwanza kithibitishwe, ilhali mpokeaji naye husubiri apate data ya kurudisha ili uthibitisho ubebwe humo humo; hivyo husubiriana hadi saa hiyo iishe. Badala yake, tuma kichwa na mwili kwa mwito mmoja wa kutuma. Ukilazimika kugusa msimbo wa kerneli, hakikisha saa inafutwa mara uthibitisho unapobebwa na data, na kwamba kila vipande viwili vilivyojaa vinathibitishwa papo hapo, kama RFC 1122, waraka wa viwango vya intaneti wa mwaka 1989, inavyoelekeza.