Cheti Ukutani, Dagaa Mchangani

Msomaji wa huku kandokando ya ziwa ameandika kwamba alihudhuria semina ya uchakataji wa dagaa na cheti anacho, lakini magunia yake akiyafikisha soko la samaki la Mwaloni Kirumba, Mwanza, yanaishia kwa wanunuzi wa chakula cha kuku. Anauliza nani kamloga.

Hakuna aliyemloga. Amefundishwa kuanika kwenye chanja, yaani meza ya wavu iliyoinuliwa juu ya ardhi, lakini bado anaanika mchangani. Asiyejua ana afadhali, maana akionyeshwa hushtuka akabadilika. Anayejua husema "nikipata mtaji", na msimu unapita.

Mchangani chini hakuna hewa. Maji yanayomtoka dagaa yananasa palepale, kwa hiyo juu anang'aa huku tumbo linalainika na kupasuka. Kinyesi cha kuku sikitaji. Kwenye chanja upepo unapita juu na chini, na jua likiwaka vizuri, walioanikwa asubuhi wanaanuliwa jioni ileile.

Nguzo za chanja ziwe mirunda, zisimame kama mita 1 juu ya ardhi. Sehemu ya kufukia ipakwe oili chafu na iachwe ikauke, la sivyo mchwa watakula mtaji wako kabla ya mteja. Upana usizidi mita 1.2. Hapa ndipo wengi wanapoharibu: mtu anajenga mita 2 akidhani anapata nafasi, kumbe mkono haufiki katikati. Dagaa wa pale hawageuzwi, wanaoza, harufu inashika chanja nzima. Tandika kwanza waya wa kuku, ndipo wavu wa dagaa. Wavu peke yake hulegea, dagaa wakarundikana katikati kama mgonjwa kwenye machela.

Kabla ya kuanika, waoshe kwa maji safi yenye chumvi, gramu 30 kwa lita, uwachuje. Tabaka liwe moja. Ukiona dagaa kamlalia mwenzake, hapo umemwaga, hujaanika. Turubai lisikae nyumbani, likae chini ya chanja, hasa vuli ikianza Oktoba. Jioni chukua mmoja umkunje: akikatika "tap", tayari, akijipinda, kesho arudi juani. Na usiwafunge wakiwa bado na joto. Gunia litatoa jasho kwa ndani, na baada ya siku chache unauza ukungu.

Muda upo. Siku za mbalamwezi mitumbwi ya dagaa inapumzika, maana taa hazivuti kitu mwezi ukiwa mkubwa. Hizo ndizo siku za kupigilia misumari, si za kuhesabu madeni kijiweni.

Lakini tusidanganyane kuhusu bei. Mnunuzi wa mwaloni anayepima kwa ndoo hakulipi usafi. Ukichanganya mzigo wako na wa mchangani, umefanya kazi ya bure. Hapo ndipo semina nyingi hunyamaza. Tenga mzigo wa chanja, fungasha nusu kilo nusu kilo, uza kwa mizani madukani. Maduka makubwa yatauliza alama ya ubora ya TBS, Shirika la Viwango Tanzania. Njia ya kuipata anza kuiulizia ofisi ya SIDO, shirika la kuhudumia viwanda vidogo. Ukikwama kwenye ukaushaji wenyewe, chuo cha uvuvi cha FETA kipo hapo Nyegezi.

Anza na chanja moja ya mita 5. Pima gunia la chanja na la mchangani siku hiyohiyo, uandike kila moja limeuzwaje na kwa nani.