Mkuku umefungua mdomo: maswali yenu

Shikamoo fundi. Boti yangu ya tanga ni Catalina 30 ya zamani, kwa mbele pale mkuku (lile pezi zito la chini) unapokutana na bodi (mwili wa boti) kuna ufa kama mdomo. Nipige pati nipake rangi?

Marahaba. Hapana mdogo wangu, usizibe kwanza. Catalina 30 za mwanzo ziliwekewa plaiwudi ndani ya kile kisiki kinachobeba mkuku, maji yakishaingia inaoza na mkuku unalegea. Kausha ngama yote, yaani sehemu ya chini kabisa ndani ya boti, halafu gonga kwa nyundo ya plastiki kuzunguka kila bolti inayoshika mkuku, palipo pazima panalia kwa ukali, palipooza panajibu kwa sauti nzito kama unagonga godoro.

Nikikaza nati si ufa utajifunga?

Utajifunga leo, ila kama chini kuna mbao iliyooza unazidi kuiponda tu. Na bolti za chuma cha pua zisikudanganye, kichwa kinang'aa lakini katikati, pale maji yamekwama na hewa haifiki, zinalika zikabaki nyembamba kama kiuno cha nyigu. Ukiona maji ya kutu yanatoka pembeni ya nati, shusha mkuku uzitazame, gharama ipo lakini hakuna njia nyingine ya uhakika.

Nilipanda mwamba kidogo tu maji yakipwa. Nje haina kitu, niendelee?

Usiendelee, nakuomba. Ukigonga mwamba, ncha ya nyuma ya mkuku inasukuma bodi kwenda juu, kwa hiyo fungua sakafu uangalie hapo, kama mataruma (mbavu za ndani zinazoimarisha bodi) yamebanduka au yana nyufa. Mei 2014 Cheeki Rafiki, boti ya tanga aina ya Beneteau First 40.7 yenye jina kama la kwetu, ilikuwa inarudi Uingereza kutoka Antigua, mkuku ukang'oka katikati ya Atlantiki na watu wote wanne wakapotea. Wachunguzi wa Uingereza walisema huenda kugonga chini ya bahari mara kwa mara, na matengenezo yaliyofuata, kuliidhoofisha. Wanne wale huwa nawakumbuka kila nikiambiwa "kidogo tu".

Nikitengeneza palipopasuka, nitumie resini gani (ile gundi ya majimaji inayoganda)?

Epoksi, inashika faibaglasi kuukuu vizuri kuliko poliesta. Osha chumvi kwa maji yasiyo ya bahari, acha ikauke kabisa, saga kwa mteremko wa 12 kwa 1, yaani upana mara 12 ya unene, ndo upandishe matabaka ya faibaglasi. Joto la pwani linaigandisha haraka, koroga kidogo kidogo asubuhi mapema.