Fisi ameingiaje hapa? Namna ya kugangua kidokezo cha fumbo la maneno

Mwenzetu ameleta kidokezo hiki: "Fisi mbaya amemficha mfalme wa nyika (5)". Anasema jawabu lake, SIMBA, alilijua mara tu alipoona maneno "mfalme wa nyika" na nambari ya mwishoni, yaani visanduku 5 vya kujaza herufi, lakini mpaka leo haelewi fisi aliletwa kwa shughuli gani. Na anauliza kama mafumbo ya aina hii yana kanuni, au mtunzi hujaza maneno apendavyo. Mimi nimekaa na mafumbo haya kwa zaidi ya miaka 20 hapa Mombasa, na naomba nimjibu kwa urefu, kwa sababu swali lake la fisi ndilo swali lenyewe.

Yaandike maneno mawili ya kwanza bila kuacha nafasi: fisimbaya. Ondoa herufi 2 za mwanzo na 2 za mwisho, kisha soma kilichobaki. Fisi mbaya amemficha simba kwelikweli, herufi kwa herufi, wala mtunzi hakusema uongo hata kidogo. Neno "amemficha" ndilo lililokuwa likikuelekeza utazame ndani ya maandishi, nawe ukalisoma kama habari ya wanyama wawili wa porini.

Kanuni ninayoishikilia kuliko zote ni kwamba kidokezo kina njia mbili zinazofika nyumba moja. Njia ya kwanza ni maana ya kawaida ya jawabu, nayo hukaa mwanzoni au mwishoni mwa kidokezo, haikai katikati. Njia ya pili ni ufundi wa herufi, yaani maelezo ya jinsi neno lilivyojengwa. Kati ya hizo mbili panaweza kuwapo kiungo kidogo kama "ni", "kwa" au "na", na zaidi ya hapo hapatakiwi neno lolote lisilo na kazi. Hapa ndipo kidokezo kinapotengana na kitendawili. Mtu akitega "nyumba yangu haina mlango", nawe ukajibu yai, hakuna kitu ndani ya maneno yake kinachothibitisha kwamba ni yai. Umepata kwa sababu ulilelewa ukilisikia. Kidokezo hubeba ushahidi wake chenyewe, na aliyefika kwa njia moja tu amebahatisha, hata kama amefika.

Nilifunzwa haya na ami yangu, ambaye alifanya kazi ya ukarani bandarini Kilindini na akazoea mafumbo ya magazeti ya Uingereza yaliyoachwa na mabaharia. Alipostaafu alianza kuyatunga kwa Kiswahili katika daftari la hesabu, lile lenye miraba, na baada ya sala ya Alasiri akawa analeta moja barazani kwetu Kibokoni. Jioni moja alituletea hiki: "Taa ya usiku ya kiongozi wa mtaa na wezi (5)". Nilihesabu visanduku, nikaandika NYOTA kwa kalamu ya wino, kwa herufi kubwa. Ami hakuniambia kwamba nimekosa. Alitua kikombe chake cha kahawa, akaweka kidole juu ya neno la mwisho, akaniuliza, "Na wezi, mwanangu, umewaweka wapi?"

Sikuwa na pa kuwaweka. Kiongozi wa mtaa ni herufi inayoliongoza neno "mtaa", yaani M. Wezi ni wezi vilevile. M na WEZI ni MWEZI. Nyota na mwezi hayana herufi hata moja inayolingana mahali pake, kwa hivyo kila neno nililokuwa nimelipitisha hapo liliharibika, na pembe nzima ya fumbo ikabidi ikwanguliwe kwa wembe. Tangu siku hiyo aliniwekea sharti kwamba nisiandike neno lolote mpaka niligangue kwa sauti mbele ya wenzangu, na kila neno la kidokezo liwe limetajwa kazi yake. Wahenga walisema fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huligangua, nami naona walikichagua vyema kitenzi hicho, kwa maana kugangua ni kufungua kilichofungwa, na anayefungua lazima ajue fundo limepita wapi.

Kanuni hizi hazikuzaliwa kwetu, na ni haki kusema zilikotoka. Fumbo la kwanza la maneno la namna tunayoijua lilitungwa na Arthur Wynne, mzaliwa wa Liverpool, likachapishwa katika gazeti la New York World tarehe 21 Desemba 1913, lakini vidokezo vyake vilikuwa vya maana tupu. Ni Waingereza walioongeza ufundi wa kuficha: gazeti la The Times lilianza kuchapisha fumbo lake tarehe 1 Februari 1930, na katika gazeti la Observer kulikuwa na watunzi watatu waliopokezana, Torquemada, kisha Ximenes kuanzia 1939, kisha Azed kuanzia 1972. Majina hayo ni ya kupanga, na yote yametoka kwa wakuu wa baraza la Kikatoliki lililokuwa likihoji watu kwa mateso huko Uhispania. Azed ni jina la Deza lililoandikwa kinyumenyume. Mtunzi mwingine wa zama hizo, Afrit, alifundisha mwaka 1949 kwamba mtunzi halazimiki kumaanisha anachokisema, lakini analazimika kusema anachokimaanisha. Sijapata kauli inayoeleza uadilifu wa kazi hii vizuri zaidi. Fisi wetu ameitii: maana ya juu ni hadithi tu, ila maandishi yametimiza kila yalichoahidi.

Sasa nije kwenye namna za ufundi, na nitakaa zaidi pale Kiswahili kinapokuwa na utajiri wake.

Namna inayowatisha wageni ni ya kuvuruga herufi. Waingereza wana kidokezo mashuhuri cha neno moja, "Gegs (9,4)", ambacho jawabu lake ni scrambled eggs, yaani mayai ya kuvuruga, kwa kuwa "gegs" ni "eggs" lililovurugwa. Ami alikuwa na chake ninachokipenda zaidi: "Samaki walivurugika msimu wa mvua (6)". Herufi za samaki ni s, a, m, a, k, i. Zipange upya na utapata MASIKA. Hapo yeyote aliyewahi kuiona bahari yetu mwezi wa Mei, maji yakiwa yamechafuka na mashua zimepandishwa pwani, atakubali kwamba hata hadithi ya juu ni ya kweli. Ukikutana na kitenzi cha fujo, kama vuruga, pinda, chafua, changanya au lewa, hesabu herufi za maneno yaliyo jirani nacho. Zikilingana na nambari iliyo mwishoni, umeshapata pa kushika.

Namna ya kubeba ni nyepesi. "Nazi changa ni dau lililobeba mwanzo wa furaha (4)" ni DAFU, kwa kuwa mwanzo wa "furaha" ni F, nayo imepakiwa ndani ya "dau".

Namna ya maana mbili haina ufundi wa herufi kabisa, ila njia zote mbili ni maana, na hapa lugha yetu ni bahari. "Mnyama juu ya nyumba (3)" ni PAA, yule wa porini na lile la makuti. "Mnyama wa kukunia nazi (5)" ni MBUZI. Kidokezo hiki cha pili kilizua ubishi wa wiki nzima barazani, kwa sababu mbuzi ya kukunia nazi huchukua "ya", naye mbuzi wa kufugwa huchukua "wa", na wenzangu wawili walidai kwamba mtunzi amedanganya. Mimi nilisimama upande wa ami, na bado nasimama hapo: "mnyama" ni maana ya kwanza, na "wa" imeambatana nayo kihalali, kisha "kukunia nazi" inaeleza chombo. Lakini ubishi ule ulinifunza kwamba upatanisho wa ngeli ndio mtego mkubwa wa mtunzi wa Kiswahili. Kiambishi kimoja huweza kumfichulia msomaji jawabu, na kiambishi kimoja huweza kumpoteza bila haki.

Jambo hilohilo liliniangusha nilipoanza kutunga. Nilipeleka "Kazi ya shamba kwa kupindua mali (4)", nikikusudia LIMA, ambalo ni "mali" lililopinduliwa silabi zake. Ami alikataa akisema kwamba kazi ya shamba ni kilimo, nalo ni jina, ilhali lima ni amri. Jina lielezwe kwa jina na kitenzi kwa kitenzi. Tukaandika "Fanya kazi ya shamba kwa kupindua mali (4)", na kikasimama.

Umeona kwamba nimesema silabi, wala sikusema herufi. Waingereza hugeuza herufi, lakini maneno yetu huishia kwa irabu, na ukiligeuza "siku" herufi kwa herufi utapata "ukis", ambalo si neno la mtu yeyote. Sisi tuna desturi yetu ya kale ya kusema kinyume, ambayo silabi ya mwisho hutangulizwa ili asiyeijua asielewe, na ami aliifuata hiyo: "Upepo wa pwani siku ilipogeuka (4)" ni KUSI. Alijiwekea mpaka wa maneno ya silabi 2 peke yake, maana kwenye silabi 3 mtu anaweza kubishana kama unatanguliza ya mwisho tu au unazigeuza zote.

Namna ya masikio, ambayo Waingereza huipenda sana kwa kuwa maneno yao mengi hutamkwa sawa na kuandikwa tofauti, kwetu karibu haipo, kwani Kiswahili huandikwa kama kinavyosemwa. Badala yake tunazo lahaja. "Mtu wa Mvita anakwambia njoo na chombo cha maji (4)" ni NDOO, kwa sababu ndivyo Mmvita, yaani mtu wa Mombasa, anavyosema njoo. Wapo wanaoona kwamba hicho kinamwonea msomaji wa bara. Mimi sioni hivyo, maadamu mtunzi amemtaja Mvita waziwazi na chombo cha maji kipo mwishoni kumwongoza.

Kwa hivyo, ndugu yangu, unapokwama usiikodolee macho hadithi ya juu. Ikate sentensi vipande. Jiulize kwanza kama maneno ya mwanzo yanaweza kuwa maana, kisha ya mwisho, halafu tafuta kitenzi kinachokuamuru kufanya jambo juu ya herufi. Alama za vituo zisikuzuie, kwa kuwa mara nyingi zimewekwa kuinogesha hadithi tu. Ukipata jawabu, lirudie neno kwa neno kama nilivyotakiwa mimi, na likibaki hata neno moja lisilo na kazi, tumia penseli.

Nakuachia hiki, ambacho ni changu mwenyewe: "Mji wa pwani na wizi wa kiungo cha chai (9)". Mji wenyewe hauko Kenya, ila si mbali na mpaka. Utakapolijibu, tafadhali andika na jinsi ulivyoligangua, kwa sababu jawabu peke yake sitalihesabu.