Si wembe wa utotoni

*Shikamoo Shangazi. Nina miaka 39, fundi wa vyombo huku Matondoni. Nilitahiriwa nikiwa na miaka 6. Nimeoa miaka 11, tuna watoto, na sikuwahi kuwa na tatizo. Tangu mwaka jana nguvu zimenipungua, na sasa ni kama hazipo. Nimesoma kwenye simu kwamba tohara ndiyo inayoua nguvu za mwanamume. Nina hasira na marehemu baba. Mama naye anataka mwanangu wa miaka 5 atahiriwe likizo ya Desemba, nami nimekataa. Nimetumia unga wa kuongeza nguvu, haukusaidia. Usiku silali kwa joto, naamka mara nne kukojoa na kunywa maji. Mke wangu hasemi kitu. Nifanyeje? — Fundi, Lamu*

Marahaba mwanangu.

Lililonishtua katika barua yako ni lile ulilolitaja kwa kupita tu: kuamka mara nne usiku kukojoa na kunywa maji. Umelisingizia joto. Mtu akitoka jasho jingi mkojo hupungua, hauzidi. Mwenye kiu isiyokatika, anayekojoa usiku kucha, kisha nguvu za kiume zikaanza kumtoka, kitu cha kwanza kupima ni sukari. Sisemi unayo, damu yako ndiyo itakayosema. Nenda hospitali ya King Fahd wiki hii, asubuhi, kabla hujala kitu. Utadungwa kidole tu. Kipimo cha sukari kikisoma 7.0 (mmol/L) au zaidi, daktari atakirudia ili kuhakikisha. Mwombe akupime na presha pia. Na hili la chumbani mwambie waziwazi. Wanaume wetu wengi wakifika mbele ya daktari husema mgongo unauma, wakarudi nyumbani na dawa za mgongo.

Mwanamume husimama kwa kazi ya damu na mishipa ya fahamu. Mishipa ya damu hufunguka, damu hujaa ndani ya uume, ikazuiwa isirudi. Govi halimo katika kazi hiyo. Sukari ikikaa juu muda mrefu huharibu mishipa ya damu na ya fahamu pamoja. Mishipa ya uume ni myembamba kuliko ya moyo, kwa hivyo mara nyingi ndiyo hutangulia kuziba. Ndiyo maana nakuhimiza hivi. Huenda mwili unakupa habari ya jambo kubwa kuliko kitanda. Kama unavuta sigara, nayo iache.

Sasa tohara. Kisumu palifanywa utafiti wa vijana 2,784, wa miaka 18 hadi 24, wote hawajatahiriwa. Nusu walitahiriwa mara moja, nusu wakangoja, wakafuatiliwa miaka miwili. Shabaha ilikuwa kujua kama tohara hupunguza maambukizi ya virusi vya ukimwi, na ilipunguza kwa zaidi ya nusu. Lakini waliulizwa na mambo ya chumbani. Matatizo ya nguvu hayakuzidi kwa waliotahiriwa, na wengi wao walisema hisia zimeongezeka. Hao ni watu wazima waliojua hali zote mbili, kabla ya kisu na baada yake, nami ushuhuda wao nauamini kuliko wa mtu anayekisia.

Sikatai kwamba govi lina hisia zake, wala kwamba wapo waliokatwa vibaya wakabaki na kovu linalovuta na kuuma. Kama unalo, mwonyeshe daktari siku hiyohiyo. Lakini wewe umekaa na mkeo miaka kumi mambo yakiwa sawa, mkapata watoto. Wembe wa miaka 6 ungekungoja mpaka 38? Mzee wako mwombee dua.

Unga huo utupe. Nyingi ya dawa hizo zikipimwa hukutwa zimetiwa kwa siri dawa ya hospitali, sildenafili, na mtu anayetumia baadhi ya dawa za moyo anaweza kushukwa na presha akafa. Ikiwa unahitaji dawa ya aina hiyo, daktari atakupa baada ya kukupima.

Mkeo usimsome vibaya. Mwanamke akigeuziwa mgongo mwaka mzima huanza kujiuliza kama hatakiwi, au kama yuko mwingine nje, na kwa heshima akanyamaza. Mwambie kabla hujaenda kupima: “Mke wangu, si wewe. Ni mwili wangu, na kesho naenda hospitali.” Akitaka kufuatana nawe, nenda naye.

Mtoto naye asibebeshwe maradhi ya babake. Mama yako hakukosea, ila atahiriwe hospitalini, kwa ganzi na mikono iliyofunzwa. Kama kwenu wapo wanaotokwa na damu isiyokatika hata kwa jeraha dogo, mwambieni daktari mapema. Na amwangalie tundu la mkojo: likiwa chini badala ya nchani, asikatwe kwanza, maana ngozi hiyohiyo ndiyo hutumika kulitengeneza.